Ujasiri na Daftari: Uchambuzi wa Fikra za Mjasiriamali katika Kuanzisha na Kukuza Biashara

Neno ujasiriamali limeundwa kwa kuunganisha jasiri na mali, na muungano huo umebeba ndani yake nadharia nzima kuhusu mtu anayestahili kuitwa kwa jina hilo. Lugha ilikuwa tayari na mfanyabiashara, mchuuzi, mlanguzi na tajiri, maneno ambayo hueleza kazi ya mtu au sifa yake mbele ya jamii, lakini hakuna hata moja lililogusa kinachotokea moyoni mwa mtu anayeitoa akiba yake kwa ajili ya jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Neno jipya lilijaza pengo hilo kwa kuutanguliza ujasiri, na tangu lilipoenea katika sera, katika vitabu vya shule na katika semina za vikundi, mafunzo mengi yamefuata mkondo wake: mshiriki huhimizwa athubutu, aache woga na aiamini ndoto yake. Hekima kongwe zaidi ya wafanyabiashara Waswahili ilikuwa na mkazo tofauti, kwani iliwaonya watu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ujasiri na daftari ni pande mbili za fikra moja, na kwamba mafunzo yanayoutukuza upande wa kwanza huku yakiuacha wa pili kwa wahasibu humpeleka mtu sokoni akiwa na nusu ya silaha. Mjasiriamali huhitaji kuthubutu kwa kiasi kinachopimika na kukubali kusahihishwa na matokeo. Uwiano wa mambo hayo mawili hubadilika kadiri biashara inavyokua, hata fikra zilizoizaa biashara zikaweza kugeuka kuwa kikwazo cha ukuaji wake.

Dhana ya fikra za kijasiriamali

Fikra, kwa maana inayotumika katika uchambuzi huu, ni mkusanyiko wa imani na mazoea ya kufikiri yanayomwongoza mtu katika kuyatafsiri mambo kabla hajaamua la kufanya. Hutofautiana na ujuzi, ambao ni kujua namna ya kutenda, na hutofautiana pia na hulka, yaani mwelekeo wa tabia ambao mtu hukua nao na ambao haubadiliki kwa urahisi. Wauza mitumba wawili wanaweza kuwa na ujuzi sawa wa kuchagua robota na kupanga bei, lakini wateja wanapopungua kwa wiki mbili, mmoja akahitimisha kwamba nyota yake imefifia au kwamba jirani amemfanyia jambo, na mwingine akaanza kudadisi wateja wamehamia wapi na wanatafuta nini huko. Hapo ndipo fikra zinapojitenga na ujuzi.

Wanazuoni wa uchumi wamemweleza mtu huyu kwa njia zisizofanana. Joseph Schumpeter, mzaliwa wa dola ya Austria na Hungaria, katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu maendeleo ya uchumi, alimwona mjasiriamali kuwa mtu anayeviunganisha upya vitu vilivyokuwapo, akazaa bidhaa mpya, njia mpya ya uzalishaji, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi au mpangilio mpya wa sekta. Mmarekani Frank Knight, mwaka 1921, alitofautisha hatari inayokadirika, kama ile ambayo kampuni ya bima huweza kuipigia hesabu kwa kuangalia matukio mengi yaliyopita, na mashaka yasiyokadirika, ambayo hayana historia ya kupimiwa. Faida halisi ya mjasiriamali, kwa maelezo yake, ni malipo ya kuyabeba mashaka ya aina hiyo ya pili. Israel Kirzner, mwaka 1973, aliweka mkazo kwenye uangavu wa jicho, yaani uwezo wa kuona tofauti ya bei au hitaji ambalo wengine wanalipita kila siku bila kuligundua. Mwanasaikolojia David McClelland alikuwa ametangulia kudai, mwaka 1961, kwamba chanzo ni haja ya mafanikio, ambayo ni kiu ya mtu kufanya jambo kwa ubora unaozidi ule wa jana na kupenda kazi ambayo matokeo yake huweza kupimwa.

Maelezo hayo manne yakiwekwa pamoja hutoa picha ya mtu anayeona, anayeunganisha, anayebeba mashaka na anayejipima. Inafaa kuzingatia kwamba McClelland aligundua kuwa watu wenye haja kubwa ya mafanikio hawapendi bahati nasibu. Huchagua kazi zenye ugumu wa wastani, ambazo juhudi zao zinaweza kuubadili mwisho wake. Kwa hiyo hata katika nadharia zilizomtukuza zaidi mjasiriamali, ujasiri wake haukuwahi kuwa ule wa mcheza kamari.

Saikolojia ya baadaye iliongeza dhana mbili zinazosaidia kuifafanua picha hiyo. Ya kwanza ni ile iliyoelezwa na Julian Rotter mwaka 1966, inayohusu mahali ambapo mtu huamini kwamba mambo yake yanaamuliwa: wapo wanaoamini kwamba matokeo hutokana kwa sehemu kubwa na matendo yao, na wapo wanaoamini kwamba yanatokana na bahati, wakubwa au majaliwa. Ya pili ni ya Carol Dweck, aliyeandika mwaka 2006 kuhusu watu wanaouchukulia uwezo wao kuwa kitu kilichokwisha kupimwa na kufungwa, na wale wanaouchukulia kuwa kitu kinachokua kwa mazoezi na makosa. Dhana hizi zina manufaa, lakini zikitumika bila uangalifu huzaa kasumba ya kudhani kwamba kila anayeshindwa alikosa imani, jambo litakaloangaliwa tena mwishoni.

Kuanza: hasara inayobebeka

Anayeanza biashara hukabiliwa na makosa mawili ya kufikiri yanayovutana. Kosa la kwanza ni kujiamini kupita kiasi. Watafiti Cooper, Woo na Dunkelberg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, waliwauliza karibu wajasiriamali 3,000 wa Marekani wanauonaje uwezekano wa biashara zao kufaulu, na asilimia 81 walijibu kwamba ni 7 kati ya 10 au zaidi, huku theluthi moja wakisema ni 10 kati ya 10. Walipoulizwa kuhusu biashara nyingine zinazofanana na zao, matumaini yalishuka. Hali halisi ya sokoni huwa kali zaidi ya matarajio hayo. Utafiti wa Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya Kenya wa mwaka 2016 ulikadiria kuwapo kwa biashara ndogondogo, ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, ambazo milioni 5.85 kati yake hazikuwa na leseni, na ukaeleza kwamba biashara takribani milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano, nyingi zikiwa bado changa.

Kosa la pili ni woga wa hasara, ambao Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuchambua mwaka 1979 walipoonyesha kwamba maumivu ya kupoteza kiasi fulani cha fedha huwa makubwa kuliko furaha ya kupata kiasi hichohicho. Mwenye duka aliyezidiwa na woga huu hukataa kuongeza bidhaa inayotoka haraka kwa sababu tu anaiogopa siku moja ambayo huenda ikabaki rafuni, na kwa namna hiyo hupoteza faida ndogondogo za kila siku bila kuiona hasara hiyo popote, kwa kuwa mauzo ambayo hayakufanyika hayaachi alama. Ajabu ni kwamba mtu mmoja aweza kuwa na makosa yote mawili kwa wakati mmoja: akaweka mafao yake yote ya kustaafu kwenye mradi mmoja wa kufuga kuku aliousikia kwa rafiki, kisha akashindwa kutoa fedha kidogo ya chanjo ambayo ingeuokoa mradi huo.

Dawa inayoyatibu makosa yote mawili ni kubadilisha swali. Saras Sarasvathy, aliyechunguza namna wajasiriamali wazoefu wanavyofanya maamuzi, alieleza mwaka 2001 kwamba wazoefu hawaanzi kwa kuuliza watapata faida kiasi gani, kwa sababu jibu la swali hilo ni kisio. Huanza kwa kuuliza wanaweza kupoteza kiasi gani bila kuanguka. Kiasi hicho kinaweza kuitwa hasara inayobebeka. Faida ya swali hili ni kwamba jibu lake linajulikana leo, kwani mtu anaijua akiba yake, ada za watoto wake na kodi ya nyumba yake. Sarasvathy aliona pia kwamba wazoefu huanza na kile walicho nacho, yaani wao ni nani, wanajua nini na wanamjua nani, badala ya kungoja mtaji ukamilike.

Historia ya biashara Tanzania ina mfano unaoendana na maelezo hayo. Reginald Mengi, ambaye baadaye aliongoza kundi la makampuni ya IPP, alikuwa mhasibu kwa taaluma, na miaka ya 1980, nchi ilipokuwa na uhaba wa fedha za kigeni na wa bidhaa za kawaida kabisa, alianza kwa kuunganisha vipande vya kalamu za wino nyumbani kwake. Kalamu ilikuwa bidhaa ndogo, hitaji lake lilikuwa dhahiri kwa kila mwenye mtoto shuleni, na jaribio lenyewe lingeshindwa bila kumwangusha mwenyewe. Uangavu wa jicho anaousema Kirzner na hasara inayobebeka anayoisema Sarasvathy vilikutana katika nyumba moja.

Mtaji wa mahusiano nao una mizizi mirefu katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ilibeba nguo, shanga na waya za shaba zilizotolewa kwa mkopo na wenye fedha wa Unguja, wengi wao wakiwa Wahindi, na mkopo ulilipwa kwa pembe za ndovu baada ya miezi mingi au hata miaka. Biashara hiyo ilichanganyika na utumwa na haifai kupambwa, lakini utaratibu wake wa kukabidhi bidhaa kwa ahadi ulitegemea jambo ambalo Kiswahili kimelihifadhi katika istilahi ya mali kauli, yaani bidhaa inayochukuliwa kwa neno la mtu na kulipiwa baada ya kuuzwa. Machinga anayechukua mzigo Kariakoo asubuhi na kurudisha fedha jioni bado anaishi ndani ya istilahi hiyo. Fikra zinazohitajika hapa ni kuichukulia ahadi kama mali inayohesabika, kwa sababu siku ahadi inapovunjwa mtaji huo hukauka kwa wakati mmoja, na methali ya kukopa harusi kulipa matanga imelieleza jambo hilo bila kuhitaji somo la benki.

Kusahihishwa na soko

Biashara ikishafunguliwa, sifa inayotangulia nyingine zote ni utayari wa kuambiwa na soko jambo ambalo mwenyewe hakulitarajia. Wazo la awali, hata likiwa zuri, ni kisio kuhusu maisha ya watu wengine, na watu hao ndio wenye jibu. Mfano mkubwa wa Afrika Mashariki ni M-PESA, huduma ya fedha kwa simu. Majaribio yake yaliyofanyika nchini Kenya mwaka 2005 yalikusudia kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kupokea mikopo na kuirejesha kwa simu, lakini watumiaji wakaanza kuitumia huduma hiyo kutumiana fedha wao kwa wao kwa sababu zao wenyewe. Wabunifu wangeweza kuyaona matumizi hayo kuwa upotofu wa lengo. Badala yake waliyafanya kuwa lengo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake kwa umma ulihusu kutuma pesa nyumbani. Mafanikio yaliyofuata yalitokana kwa sehemu kubwa na uamuzi wa kumwamini mteja kuliko andiko la mradi.

Kusahihishwa hakuhusu mambo makubwa peke yake. Mwaka 2014 watafiti Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu biashara ndogo za magharibi mwa Kenya zinazopoteza mauzo kwa kukosa chenji. Walikadiria kwamba mwenye biashara wa kawaida alipoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yake kwa sababu hiyo, ama kwa mteja kuondoka au kwa muuzaji kuliacha duka na kwenda kutafuta sarafu kwa jirani. Jambo la kushangaza ni kwamba kuwauliza tu wafanyabiashara hao mara kwa mara kuhusu mauzo waliyoyapoteza kulipunguza tatizo, kwa kuwa waliokuwa wakiulizwa walianza kutunza chenji zaidi. Hawakupewa mtaji wala ujuzi mpya. Walichopewa ni sababu ya kukitazama kitu kilichokuwa mbele yao siku zote.

Matokeo hayo yanalifafanua daftari kwa maana pana zaidi ya kitabu cha mapato na matumizi. Daftari ni chombo cha kumfanya mtu aone kisichojionyesha: mauzo yaliyokosekana, bidhaa iliyokaa miezi mitatu bila kuguswa, mteja mzuri ambaye ameacha kuja. Usemi wa sokoni wa biashara asubuhi, jioni hesabu unaweka kazi hizo mbili ndani ya siku moja, na hapo ujasiri wa asubuhi hupata mpinzani wake wa haki kabla ya kulala.

Mfuko wa biashara na mfuko wa nyumba

Biashara nyingi za Afrika Mashariki huanzia nyumbani na huendeshwa kwa nguvu za familia, na kwa sababu hiyo mpaka kati ya fedha za biashara na fedha za matumizi huwa hafifu tangu siku ya kwanza. Ushauri wa kutenganisha mifuko hiyo hutolewa katika kila semina, lakini mara chache hutazamwa kama suala la fikra na la uhusiano. Mtu anayechukua fedha dukani kununua dawa ya mtoto hafanyi kosa la hesabu. Anatimiza wajibu ambao jamii yake inauweka juu ya faida. Kosa liko katika kutouandika wajibu huo, kwa kuwa fedha isiyoandikwa hugeuka kuwa faida ya kufikirika: mwenye duka huamini kwamba fedha zile bado zimo ndani ya biashara, akaagiza mzigo kwa imani hiyo, na siku ya kulipa akakuta sanduku tupu.

Shinikizo la ndugu na jamaa nalo limechunguzwa. Pamela Jakiela na Owen Ozier, katika utafiti wao uliofanyika vijijini Kenya na kuchapishwa mwaka 2016, waligundua kwamba baadhi ya wanawake walikuwa tayari kukubali mapato madogo zaidi ili kiasi walichokipata kisijulikane kwa jamaa waliokuwapo. Fedha inayofichwa kwa namna hiyo haiendi kuwekezwa mahali penye tija kubwa, kwani uwekezaji wenye tija mara nyingi huonekana kwa macho. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson nao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walionyesha kwamba wanawake wauzaji wa sokoni katika eneo la Busia waliofunguliwa akaunti za benki waliweka akiba zaidi na kuwekeza zaidi katika biashara zao, ingawa akaunti hizo zilitoza ada ya kutoa fedha. Akaunti iliyokuwa na kikwazo ilikuwa bora kuliko fedha iliyo mkononi, kwa sababu iliwapa kinga dhidi ya maombi ya wengine na dhidi ya matamanio yao wenyewe.

Taasisi za kienyeji zililijua jambo hilo mapema. Upatu, chama na, baadaye, vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA humpa mwanachama sababu inayoheshimika ya kukataa kutoa fedha, kwani kusema kwamba fedha ni ya mchezo na zamu yangu ya kuchangia ni kesho hakumvunjii mtu undugu wake kama ambavyo kusema sina kungeweza kumvunjia. Fikra za kijasiriamali katika mazingira haya hazimtaki mtu ajitenge na jamaa zake, ambao ndio bima yake siku ya msiba na ndio mtaji wake siku ya kuanza. Zinamtaka ajilipe mshahara unaojulikana, kisha atoe msaada kutoka katika mshahara huo.

Kukua na kukabidhi

Sifa nyingi zinazomwezesha mtu kuanza humgeuka anapofikia hatua ya kukua. Mwanzoni mwenyewe ndiye mnunuzi, muuzaji, mtunza stoo na mlinzi, na uhodari wake wa kushika kila kitu ndio unaoifanya biashara isife. Edith Penrose, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu ukuaji wa makampuni, alieleza kwamba kasi ya kukua huwekewa mpaka na uwezo wa uongozi uliomo ndani ya kampuni yenyewe, kwa sababu viongozi wapya huhitaji muda wa kuifahamu kazi kwa kufanya na wale waliotangulia, na muda huo hauwezi kununuliwa dukani. Neil Churchill na Virginia Lewis, walipozigawa hatua za biashara ndogo katika makala yao ya mwaka 1983, walionyesha vivyo hivyo kwamba uwezo wa mwenye biashara wa kutenda kwa mikono yake hupungua umuhimu kadiri hatua zinavyopanda, na uwezo wake wa kukabidhi majukumu ndio huchukua nafasi.

Kukabidhi ni mtihani mgumu wa fikra, kwa kuwa humtaka mwanzilishi avumilie kazi kufanywa kwa namna isiyokuwa yake na aamini kwamba utaratibu ulioandikwa unaweza kulinda mali vizuri kuliko jicho lake. Anayesema kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawaaminiki aghalabu hana hesabu ya bidhaa inayoweza kuonyesha ni nani aaminike na kwa kiasi gani. Imani bila kumbukumbu humlazimu achague kati ya ndugu asiye na ujuzi na mgeni asiye na mdhamini. Kwa hiyo daftari, ambalo mwanzoni lilimsaidia mwenyewe kuona, katika hatua hii huwa ndilo linaloiwezesha biashara kuendelea asipokuwapo, na hatimaye kuendelea baada yake, kwani biashara nyingi za familia huzikwa pamoja na waanzilishi kwa sababu madeni, wadai na siri za kazi zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Ukuaji huhitaji pia uwezo wa kumtazama upya mteja. Equity, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1984 kama taasisi ya kukopesha fedha za ujenzi wa nyumba, ilikuwa imefilisika kwa vipimo vya wasimamizi ilipofika mwaka 1993. Uokozi wake, uliomhusisha James Mwangi miongoni mwa viongozi wapya, ulijengwa juu ya uamuzi wa kuwahudumia watu wa kipato cha chini ambao mabenki makubwa hayakuwataka, kwa mikopo midogo na akaunti zisizo na masharti mazito. Ikawa benki kamili mwaka 2004 na kuingia katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2006. Hesabu zilizoonyesha kufilisika ndizo zilizowalazimisha wahusika kuiacha picha ya zamani ya mteja wanayemtaka na kumtazama mteja aliyekuwapo.

Kufundishika kwa fikra

Kama fikra za aina hii zingekuwa hulka ya kuzaliwa nayo, mafunzo yote yangekuwa bure. McClelland mwenyewe aliijaribu hoja yake kwa kuwafunza wafanyabiashara wa Kakinada nchini India mwaka 1964. Ushahidi wenye nguvu zaidi hata hivyo ulitoka Afrika. Katika mji wa Lomé nchini Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara, yaani uhasibu, masoko na usimamizi wa fedha, la pili lilipewa mafunzo ya kujituma, yaliyotokana na saikolojia ya Mjerumani Michael Frese, ambayo humzoeza mtu kuanza jambo bila kusubiri kuagizwa, kutazama mbele, kujiwekea malengo na kushinda vikwazo, na kundi la tatu halikupewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science yalionyesha kwamba faida ya kundi la kujituma ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na ya wasiofunzwa, wakati ongezeko la asilimia 11 la kundi la mafunzo ya kawaida halikuwa la uhakika kitakwimu.

Wapo wanaoyasoma matokeo hayo kama ushindi wa hamasa dhidi ya hesabu, lakini usomaji huo haulingani na kilichofundishwa. Mafunzo ya kujituma yalikuwa ya mazoezi, yenye malengo yaliyoandikwa, mipango ya kuyafikia na ufuatiliaji wa matokeo, na hayo ni mazoea ya daftari hata kama hayakuitwa kwa jina hilo. Kilichoshindwa ni hesabu iliyofundishwa kama kanuni za darasani kwa mtu asiyeona kwa nini azitumie kesho.

Tanzania ilitoa onyo la upande mwingine. Watafiti Berge, Bjorvatn na Tungodden waliwafuatilia wateja wa taasisi ya mikopo midogo jijini Dar es Salaam, ambao baadhi yao walipewa mafunzo ya biashara na baadhi ruzuku ya fedha, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mafunzo yaliinua biashara za wanaume lakini yalikuwa na athari ndogo kwa wanawake, ambao maamuzi na muda wao hubanwa zaidi na majukumu ya nyumbani. Elimu ilikuwa moja. Walioipokea walirudi katika maisha yasiyofanana.

Mipaka ya hoja ya fikra

Onyo hilo linapaswa kuchukuliwa kwa uzito, kwa kuwa hoja ya fikra ina hatari ya kugeuzwa kuwa lawama kwa maskini. Fikra za watu kuhusu biashara hujengwa pia na dola na historia. Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa chama tawala cha TANU na wa serikali kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Mwaka 1983 kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliwakumba watu wengi waliokutwa na bidhaa zilizoadimika. Malengo ya usawa yalikuwa na uzito wake wa kimaadili, lakini kizazi kizima kilijifunza kwamba kuonekana na mali ni kujitafutia mashaka, na kwamba stoo iliyojaa ni ushahidi wa kosa. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliilegeza miiko hiyo ya uongozi, na neno ujasiriamali likapata nafasi ya kung'aa mahali ambapo bepari na mlanguzi yalikuwa yametawala. Aliyezificha hesabu zake katika miaka ile hakuwa mjinga. Alikuwa amezisoma nyakati.

Kenya nayo ilichelewa kuwatambua mafundi waliofanya kazi chini ya jua kali, ingawa ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kueleza kwamba sekta isiyo rasmi nchini humo ilikuwa na tija na ubunifu. Hadi leo mchuuzi asiyejua kama kesho kibanda chake kitavunjwa ana sababu nzuri ya kutowekeza katika rafu imara, na anayedaiwa tozo zisizotabirika ana sababu ya kutotunza daftari litakalotumiwa dhidi yake. Kumfundisha mtu huyo kufikiri kwa miaka mitano ijayo, bila kumpa uhakika wa mwezi ujao, ni kumpa shoka lisilo na mpini.

Hitimisho

Mambo yaliyochambuliwa yanaelekeza kwenye hukumu moja. Ujasiri humtosha mtu kufungua mlango wa duka, na hakuna biashara iliyowahi kuanza bila huo. Lakini unaopaswa kuendelezwa ni ule unaoweza kutaja kiasi cha hasara unachokubali, unaofungua hesabu jioni hata siku ambayo habari zake ni mbaya, unaoandika msaada wa ndugu badala ya kuuficha, na unaokabidhi funguo kwa sababu utaratibu upo. Fikra hizo hufundishika kwa mazoezi kuliko kwa mahubiri, na huota mizizi pale tu ambapo sheria na mamlaka za mji zinamhakikishia mwenye daftari kwamba uwazi wake hautamponza. Wanaotunga mitaala ya ujasiriamali wana wajibu wa kuyafundisha yote mawili kwa pamoja, na wanaotunga sheria ndogo za halmashauri wana wajibu wa kukumbuka kwamba kila amri ya kuhamisha wachuuzi bila taarifa inafundisha somo la fikra pia, na somo hilo hukaa muda mrefu kuliko semina.